Kilio cha kondoo wa Sauli

Mhariri,

Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya waumini wanaodaiwa kuhimizwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, neno utii limekuwa chungu kwa Wakenya wengi, na mtu akilitaja hapa Nairobi huulizwa kwanza anamtii nani. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo naona tumeanza kulitupa neno lenyewe, tukabaki na ibada ya nyimbo, mikesha na vipaza sauti, ambayo haimdai mwabudu chochote akishatoka kanisani.

Samweli wa Kwanza, sura ya 15, inasimulia jinsi Mfalme Sauli alivyoagizwa aangamize kila kitu cha Waamaleki, naye akawaacha hai kondoo na ng'ombe walionona. (Amri yenyewe ni nzito na humtatiza msomaji wa leo, lakini hapa nazungumzia udhuru wa Sauli.) Samweli alipofika, mfalme alimlaki kwa baraka na kujisifu kwamba ametimiza agizo la Bwana, nabii akamuuliza, basi kilio hiki cha kondoo ni cha nini? Sauli akajitetea kwamba wanyama wale ni wa dhabihu. Jibu alilopewa tunalijua: "kutii ni bora kuliko dhabihu, na kusikia kuliko mafuta ya beberu." Nalipenda hilo neno kusikia. Mama zetu wakilalamika kwamba mtoto hasikii, hawana maana kwamba ni kiziwi.

Mimi ni mzee wa kanisa huku Kayole. Jumamosi moja mwaka jana, mama fua alimaliza nguo zetu jioni, akajipangusa mikono kwa leso yake, akasimama mlangoni akingoja. Pesa nilikuwa nazo, ila nilikuwa nimezitenga kwa fungu la kumi, nikamwambia arudi Jumatatu. Kesho yake nilitia bahasha kikapuni, nikarudi kuketi nimeridhika. Ni mke wangu aliyenifungulia Kumbukumbu la Torati 24, panapoagizwa kwamba kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisije likatua kabla hajapata ujira wake. Kumbe nilikuwa nimemtolea Mungu pesa za mama fua. Utii wa aina hii, tofauti na ule unaotutisha, haumwingizii mhubiri hata shilingi.

Wapo pia wahubiri ambao wakiombwa na majirani wapunguze sauti usiku hukimbilia Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mitume waliyasema hayo mbele ya baraza lililowakataza kufundisha kwa jina la Yesu. Kanuni zetu za kudhibiti kelele za mwaka 2009 hazimkatazi mtu kuhubiri.

Ningetamani kumsikia mhubiri, Jumapili moja tu, akiwaomba wote wanaodaiwa mshahara na wafanyakazi wao wa nyumbani waondoke na bahasha zao kabla kikapu hakijapitishwa, wakalipe kwanza, kama vile Mathayo 5 inavyomtaka aliyekosana na nduguye aiache sadaka mbele ya madhabahu akapatane naye. Kikapu kitakuwa chepesi siku hiyo, na sisi wazee tunaokihesabu tutajua sababu.

Mzee wa kanisa,
Kayole, Nairobi