Shangazi, nimesomesha mmoja hela haijarudi, huyu wa pili nimpeleke Dodoma?

Shangazi shikamoo. Barua za wenzangu huwa nazisoma jioni nikisubiri mafuta yachemke, sikuwahi kudhani na mimi ipo siku ntaandika, ila hili la sa hivi limenikaa kooni kama mwiba wa kibua.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Mbagala, nakaanga samaki pale karibu na Rangi Tatu. Saa kumi alfajiri niko Feri kwenye mnada, saa tatu nimesharudi na ndoo zangu, naparua, natia chumvi na ndimu, saa kumi jioni jiko limewaka. Kwetu tumezaliwa watatu, mimi ndo mkubwa, anafuata wa kiume ambaye nyumbani wote tunamwita Mwalimu, alafu kitinda mimba wa kike kamaliza form six mwaka huu. Baba alifariki 2014 na toka hapo mambo ya ada ni mimi. Mimi mwenyewe form four nilipata ziro sikurudia, nikaingia kwenye samaki.

Sasa kitinda mimba kachaguliwa. HGL, yani historia, jiografia na kiingereza, division two. Alikuja mbio mpaka kwenye jiko akiwa na simu ya Mwalimu mkononi, "dada nimechaguliwa, nimechaguliwa vyuo viwili!" Wateja wakampigia makofi, kuna mzee mmoja akamnunulia soda. Na mimi Shangazi, neno la kwanza lililonitoka, mbele za watu, nilisema "shilingi ngapi?" Hongera ilikuja baadae sana na nilijiona kabisa nilivyo.

Chuo kimoja ni cha serikali kiko Dodoma, digrii ya ualimu. Kingine ni cha serikali pia ila kipo hapo Kurasini, ununuzi na ugavi, kutoka kwetu ni daladala moja tu. Yeye anataka Dodoma. Mama anataka Dodoma, yani mama kwake chuo ni kile cha kubebewa begi stendi na watu wanalia, hiki cha kwenda na daladala na kurudi jioni anakiona kama tuisheni. Mume wangu anasema asiende kokote, aende VETA Chang'ombe, kutwa ni elfu 60 kwa mwaka, asome umeme au ushonaji akitoka hapo anakula. Mume wangu sio mbaya jamani msije mkamshambulia, ni dereva, na hela ya kumsomesha Mwalimu nyingine ilitoka mfukoni kwake na hajawahi kunisimanga. Alisema tu mara moja, "tulishasomesha mmoja," akageukia ukutani akalala.

Na hapo ndo penyewe. Huyo mmoja.

Mwalimu aliingia chuo 2017, mkoani, ualimu wa arts, akamaliza 2020. Bodi ya Mikopo walimpa asilimia 60 ya ada na hela ya kula na kulala, ile wanayoiita boom, enzi hizo elfu 8 na mia 5 kwa siku, sa hivi ni elfu 10. Mtaani watu wakisikia mtoto kapata mkopo wanajua umemaliza, kumbe ndo unaanza. Mimi nina daftari, kaunta buku ya kwire mbili, lina mafuta kila ukurasa, kila nilichotuma niliandika. Ada iliyobaki laki 5 na elfu 20 kila mwaka. Bima ya afya 50,400, ya TCU, hao wanaosimamia vyuo vikuu, elfu 20, na vimichango vingine vya usajili, weka laki moja kila mwaka. Hosteli laki mbili. Nauli za kwenda na kurudi, kipindi hicho basi la alfajiri Ubungo kabla stendi haijahamia Mbezi, weka laki. Alafu ile ya "dada boom halijatoka," hiyo haina mwezi wala mwaka, nilikuja kupiga nikakuta ni kama laki nne kwa mwaka. Laptopu ya mtumba ya Kariakoo laki nne, kioo kilikuwa na mstari wa kijani toka siku ya kwanza. Godoro, shuka, ndoo, suruali mbili za kitambaa na viatu vya kwenda field, laki mbili. Jumla milioni 4 na laki 5 na elfu 60.

Hiyo ni yangu. Bado ya Bodi. Kile cha kula peke yake miaka mitatu kimepita milioni 6, ukiweka na ada waliyomlipia na vitabu anadaiwa milioni 9 na kitu. Bahati nzuri 2021 serikali ilifuta ile asilimia 6 ya kulinda thamani na ile faini ya asilimia 10 kwa wanaochelewa, la sivyo sa hizi deni lingekuwa na wajukuu.

Na anarudisha nini? Ajira za serikali kaomba mpaka nywila ya akaunti yake naijua mimi. Siku hizi hata walimu wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, kaenda, wa kuandika kapita, wa kuongea akaishia hapo. Sasa anafundisha shule moja binafsi, siitaji, wanamlipa laki 3 na nusu mkononi bila mkataba, shule ikifunga na mshahara umefunga. Ningesema wamkate ile asilimia 15 ya Bodi ni elfu 52 na mia 5 kwa mwezi, nilipiga kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea, miaka 14 na zaidi ndo anamaliza. Angekuwa serikalini, tuseme kwa laki 7 na nusu, makato ni laki na elfu 12 na mia 5, karibu miaka saba. Sasa mimi wa ziro, samaki wakikubali, mwezi napata laki tano. Jioni huwa anapita kula, namuwekea kibua na ugali, anasema "dada andika." Naandika. Yani mwenye digrii anamkopa mwenye ziro vibua, tunacheka wote, ila anavyocheka yeye unamuona.

Lakini Shangazi nisiwe mnafiki, kuna vitu haviingii kwenye daftari. Mikopo ya halmashauri iliporudi 2024 baada ya kusimamishwa, ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, sisi wanawake watano wa samaki tuliipata kwa sababu Mwalimu alikaa usiku mbili akatuandikia katiba ya kikundi na andiko la biashara, akatufundisha kujibu maswali ya afisa maendeleo mpaka yule mwenzetu asiyejua kusoma akajibu vizuri kuliko mimi. Kabla ya hapo tulikuwa tunakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Wanangu wote wawili hesabu anawafundisha yeye, mkubwa alikuwa wa 61 darasani sa hivi wa 8. Hivo vitu nikiviuza ni bei gani? Sijui. Niliwahi kutaka kuandika kwenye daftari upande wa mapato nikashindwa niandike namba gani nikaacha mstari mtupu.

Sasa hela iliyopo. Nina milioni 3 na laki 2, nimezitunza kwenye kikoba miaka miwili na tunavunja mwezi ujao. Mpango wangu ulikuwa friza kubwa na fremu ya miezi sita. Wasiojua biashara ya samaki niwaeleze, vibua vinavuliwa kwa taa usiku, kwahiyo siku za giza vinakuwa vingi Feri mpaka ndoo unapewa kwa bei ya huruma, mwezi ukiwa mkubwa vinapotea na bei inapanda mpaka unarudi na ndoo tupu. Mwenye friza ananunua kwenye giza anauza kwenye mwezi. Mimi sina, kwahiyo kila mwezi kuna siku kumi nafanya kazi ya kumfaidisha mwenye friza. Hiyo hela nikiitoa kwa dogo, friza ni tena miaka miwili mbele, kama nguvu hizi za saa kumi alfajiri zitakuwepo, mana mgongo umeshaanza kuniambia.

Na ugumu mwingine ni kwamba unathibitisha chuo hujajua mkopo umepata asilimia ngapi, majina ya Bodi yanatoka kwa awamu, wengine wanajua wakiwa wamesharipoti. Anaweza pata yote, anaweza pata kidogo, anaweza asipate. Ule ufadhili wa Samia ni wa waliofaulu sana sayansi, huyu wa HGL haumhusu. Kwahiyo mimi natakiwa kusema ndio kwa bei ambayo sijaambiwa. Feri hata siku moja sijanunua samaki hivyo.

Nikamwambia basi soma hapa Kurasini, boom utapata hata ukikaa nyumbani, hosteli hakuna, ugali upo, na ununuzi kila ofisi ina mtu wa ununuzi. Niliona nimepata dawa. Akaniangalia akaniambia taratibu kabisa, "dada nikikaa hapa ntasoma saa ngapi?" Sikuwa na jibu Shangazi. Form six alisoma bweni, lakini likizo zote alikuwa anaparua samaki na mimi, kwenye vidole ana makovu ya mapezi, na kweli akikaa nyumbani mimi ntamtuma, sijisemi, najijua, jioni wateja wakijaa ntamuita hata awe na mtihani kesho. Kwahiyo hiyo Kurasini ni rahisi kwangu mimi, kwake sijui. Na Dodoma yenyewe nauli hainitishi, treni ya SGR daraja la kawaida elfu 31 na ni kama masaa manne tu, sio kama Mwalimu alivyokuwa anashinda kwenye basi. Kinachonitisha ni miaka mitatu ya "dada boom halijatoka" na mwisho wake awepo wa pili anayesema "dada andika."

Kilichonivuruga zaidi ni cha juzi. Nilikuwa nimeacha daftari juu ya ndoo nikaenda kuchukua mkaa. Nimerudi namkuta Mwalimu amekaa kwenye stuli analisoma, ukurasa wake mwenyewe, ule wa kuanzia 2017. Nilitamani ardhi inimeze. Hakusema kitu, akatoa kalamu nyekundu ya shule mfukoni, akapitia mstari mmoja mmoja kama anasahihisha insha ya mtoto, mwishoni akakata jumla yangu, mana mimi nilikuwa nimeandika milioni 4 na laki 6, akaandika 4,560,000, nilikuwa nimezidisha elfu 40. Akaweka vema. Akanirudishia akasema "sasa ipo sawa," akala samaki wake, na siku hiyo akalipa hela taslimu.

Toka siku hiyo hajala kwangu. Nikimpigia anapokea vizuri tu, anauliza watoto, hana kinyongo ukimsikiliza, ila hali kwangu. Nilipomuuliza mdogo wetu aende wapi akasema, "mimi sio wa kuulizwa dada, muulize mwenyewe anayeenda."

Sasa Shangazi na ndugu zangu mnaosoma naomba mnishauri, na naomba walimu waliopo makazini na waliopo mtaani wote waseme, msinipambe. Ualimu wa arts kwa sasa una maana kwa mtoto wa mtu kama mimi? Nimlazimishe Kurasini alafu nijifunge mdomo nisimtume? Nimpe Dodoma lakini tuandikiane kabisa kwamba mimi nalipa ada tu na ya kula ajue yeye na boom lake? Nisikilize ya VETA, ambayo moyoni sioni kama mume wangu kakosea, ila mama ataniona nimemzika mtoto? Au ninunue friza mwaka huu yeye asubiri mwaka mmoja aombe tena, friza ndo lije kumsomesha? Hili la mwisho ndo nalipenda, na kwa sababu nalipenda sana ndo siliamini. Kuna usiku najiuliza hizi hesabu zote ni hesabu kweli au ni wivu wa mtu aliyeishia form four.

Alafu kuna kitu sijamwambia mtu hata mume wangu. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa meseji yenye namba maalum, anaitumia kuthibitisha chuo anachokwenda, siku zikipita bila kuthibitisha nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Dogo hana simu, ile yake kioo kilikufa, kwahiyo kwenye maombi alijaza namba yangu. Kila asubuhi kabla sijaenda Feri namkuta ameamka anafagia uwanja, saa tisa usiku, hajawahi kuamka muda huo maishani mwake. Ananiangalia, anasema "dada safari njema," basi. Haniulizi kama meseji imeingia.

Imeingia jumanne saa nane mchana.

Dada wa samaki, Mbagala