Nesi wa diploma akitaka shahada apewe njia ya kusoma akiwa kazini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni muuguzi wa diploma, kwa cheo cha serikali tunaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, nina miaka 15 kazini na yote nimeifanyia mkoa wa Rukwa, sasa hivi niko kituo cha afya kule mwambao wa Ziwa Tanganyika. Ninachotaka kusema ni kimoja tu, kwamba sisi tulioko kazini tukitaka kusoma shahada tunapitishwa mlango uleule wa kijana aliyemaliza form six juzi, na mlango huo kwetu haupitiki.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, tunawasha mishumaa alafu mgeni rasmi anatuambia wauguzi jiendelezeni. Tunapiga makofi na kweli tunataka. Nikirudi kituoni naanza kujiuliza, nikiondoka nani atabaki leba? Usiku tuko wawili, kuna siku niko peke yangu na mhudumu mmoja na wamama wawili wanasukuma kwa wakati mmoja. Mtu akipewa ruhusa ya chuo miaka minne kituo kinakaa bila yeye miaka minne na mara nyingi haletwi mwingine, ndo maana barua zetu zinalala kwa mkurugenzi, na hapo mi simlaumu, akisaini ananiruhusu mimi lakini anawaacha wale wamama.

Kwangu lakini hata kabla ya ruhusa nilikwama kwenye hisabati. Nilimaliza form four mwaka 2005, shule yetu mwalimu wa hesabu alikaa muhula mmoja akaondoka, nikapata F kama karibu darasa zima. Diploma nikasoma nikafaulu wastani wa B. Nimekuja kuomba chuo, jina sitalitaja, nikaambiwa sista kila kitu chako kipo sawa ila hiyo F ya hisabati. Sasa jamani, mgonjwa akiandikiwa lita moja ya dripu iishe kwa saa 8, na seti ni ile ya matone 20 kwa mililita, nisipojua kwamba ni matone 42 kwa dakika nitamzidishia maji au nitampunja, na hesabu hiyo nimeshaifanya usiku kwa tochi ya simu umeme umekatika. Dawa ya kifafa cha mimba naipigia hesabu mwenyewe, dozi ya mtoto mchanga wa kilo mbili pia. Miaka yote hiyo nakabidhiwa roho za watu, alafu kijikaratasi cha mwaka 2005 ndo kinasema sijui hesabu.

Nikaamua kurisiti, mwaka 2022 nikiwa na miaka 34 nikakaa kwenye chumba cha mtihani na watoto wa rika la mwanangu, nikapata D. Nilifurahi mpaka nililia. Nageuka upande wa hela, Bodi ya Mikopo mwongozo wake unataka muombaji asizidi miaka 35 na asiwe na ajira rasmi. Mi ajira ninayo, na umri nao sasa umeshapita. Najua mikopo ile iliwekwa kwa ajili ya vijana wasio na kitu na sitaki nimnyang'anye mtoto wa mkulima nafasi yake, ila mshahara wa nesi wa diploma ukitoa kodi ya nyumba na ada za watoto haubaki wa kulipa ada ya chuo na pango la Dodoma au Dar.

Kuna dada tuliyekuwa naye kituoni aliweza. Alikopa benki kwa mshahara wake, akaacha watoto kwa mama yake, akasoma miaka yote minne. Aliporudi jambo la kwanza alilofanya ni kukaa na rejista ya leba, akafungua ukurasa kwa ukurasa anaandika pembeni watoto waliozaliwa hawalii, saa ngapi, siku gani. Tukamuona kama anapoteza muda. Baada ya wiki kama mbili akatuita akasema wengi wamezaliwa usiku, na usiku ambubegi, kile kifaa cha mkono cha kumpulizia hewa mtoto asiyepumua, inafungiwa kabatini na funguo anaondoka nayo mtu wa zamu ya mchana. Kumbe! Sote tulikuwa tunalijua la funguo, hakuna aliyewahi kuliunganisha na wale watoto. Siku hiyohiyo akapigilia msumari ukutani juu ya meza ya mtoto, ambubegi ikaning'inizwa pale na haijaondoka mpaka leo. Mimi nikajua shahada inaongeza nini, maana mikono yake leba ilikuwa ileile, kilichobadilika ni namna ya kuangalia kazi yetu wenyewe.

Na huyo dada alikaa zaidi ya miaka miwili analipwa mshahara wa diploma, ngazi ya TGHS B, wakati mwenye shahada anaanzia TGHS C. Kila akiulizia kubadilishiwa kada anaambiwa subiri ikama, yaani nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, subiri bajeti. Akaletwa kijana ajira mpya ana shahada, akaingia moja kwa moja TGHS C, na aliyekuwa anamfundisha kazi wodini ni yeye. Hakusema neno baya kwa yule kijana. Ila benki ilikuwa inakata kila mwezi, na manesi wengine waliokuwa wanajiandaa kuomba chuo walimwangalia yeye wakaacha.

Inawezekana kufanya tofauti, wala sio mbali. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina shahada ya wenye diploma, mtu anaingia darasani siku chache za wiki, siku zingine yuko kazini kwake, ila huko ni Dar na mimi niko Rukwa. Wenzetu Kenya mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la kule walianza kuwapandisha manesi wa cheti kwenda diploma kwa kompyuta, wakisomea hukohuko walipo. Hata jimbo la New York Marekani, sheria yao ya mwaka 2017 inampa nesi miaka 10 awe amepata shahada, na muda wote huo yuko kazini analipwa.

Sasa Wizara ya Afya, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Baraza la Uuguzi na Ukunga naomba mkae mlione hili. Nadharia tusome kwa simu na laptopu, bando tutanunua wenyewe, vitendo tufanyie hospitali ya rufaa ya mkoa ambako kuna wauguzi wenye shahada wa kutusimamia, na yale tuliyosoma diploma na miaka ya wodini yahesabiwe ili tusirudishwe kuanza mwaka wa kwanza kufundishwa kupima presha. Na siku mkurugenzi anasaini ruhusa ya masomo basi na nafasi ya kada mpya iwekwe kwenye bajeti ya mwaka mtu atakaomaliza, maana tarehe ya kumaliza inajulikana tangu siku ya kwanza.

Maombi ya chuo mwaka huu nimetuma tena, D yangu ya hisabati nimeiambatanisha. Barua ya ruhusa iko halmashauri wiki ya saba sasa, na leo usiku niko zamu.

Muuguzi, Rukwa