Risala ya Kikundi cha Wachora Ramani za Barabara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wahandisi, madereva, walimu, wazazi na wanakikundi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuupokea mwaliko wetu. Ramani zilizobandikwa ukutani, zenye barabara za kijani kwa uso mzuri, njano kwa wa wastani na nyekundu kwa mbovu, umeziona ulipokuwa ukiingia. Risala hii inaeleza rangi hizo zinapatikanaje, zinaweza kudanganya wapi, na tunaomba nini kwako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shimo barabarani ni habari iliyochelewa. Kabla ya shimo kuna ufa, na kabla ya ufa mara nyingi kuna maji yaliyokosa pa kwenda. Mtaro ukiziba, maji husimama kwenye bega la barabara, hupenya chini ya lami na kulowesha tabaka la msingi. Msingi uliolowa haubebi tena. Kila gari zito linapopita lami hubonyea na kurudi, mpaka inapasuka vipande vidogo vilivyoshikana kama magamba ya mamba. Mvua inayofuata huingia katika nyufa hizo, magurudumu husukuma tope lipande juu, kipande kimoja kinang'oka, na hapo ndipo watu huanza kulalamika. Kwa hiyo ramani inayoonyesha mashimo peke yake inaonyesha mwisho wa ugonjwa. Ramani yenye manufaa huonyesha pia nyufa, mitaro iliyoziba na midomo ya kalvati iliyojaa mchanga.

Kipimo cha kwanza ni mtikisiko. Simu janja ina kihisi kinachosoma mtikisiko mara 50 hadi 100 kwa sekunde, na GPS inayoandika mahali ilipo, kwa kawaida mara moja kwa sekunde. Gari likienda kilomita 40 kwa saa, mita 100 huzimaliza kwa sekunde 9. Katika mita hizo simu inayosoma mara 100 kwa sekunde inakusanya vipimo 900 vya mtikisiko, lakini nukta 9 tu za mahali. Ndiyo sababu tunapaka rangi kipande kizima cha mita 100 na hatudai kwamba mtikisiko umeonyesha shimo lilipo kwa usahihi wa hatua moja.

Simu ifungwe imara kwenye dashibodi. Ikiwekwa juu ya kiti, sponji humeza mtikisiko. Ikiwa mfukoni, tunapima mwili wa abiria. Mwendo ubaki kati ya kilomita 30 na 50 kwa saa, kwa sababu tuta lilelile hutikisa gari kwa namna tofauti kabisa ukilipita kwa 20 na ukilipita kwa 60. Upepo wa matairi ukaguliwe kabla ya kuondoka, na kila kipande kipitiwe mara 3 ili kuona kama majibu yanakaribiana. Yakitofautiana sana, tatizo liko kwenye kufunga simu au kwenye mwendo, na kazi irudiwe siku hiyohiyo.

Hata hivyo simu haijui inachokigonga. Tuta la kupunguza mwendo, kiungo cha daraja na mfuniko wa chemba uliozama kidogo vyote hutoa mshtuko kama wa shimo. Kinyume chake ni kibaya zaidi: dereva mzuri hukwepa mashimo! Barabara yenye shimo kubwa katikati inaweza kupakwa kijani kwenye ramani kwa sababu kila gari linapita pembeni yake. Nyufa za mamba nazo, zile tulizosema ndizo dalili ya mapema, hazitikisi gari hata kidogo mpaka vipande vianze kung'oka. Simu peke yake haitoshi. Lazima mtu ashuke atembee.

Mtembeaji hubeba simu yenye fomu, utepe wa kupimia, na ubao ulionyooka wa mita moja. Kupima kina, ubao hulazwa juu ya shimo ukingo hadi ukingo, kisha rula hushushwa mpaka chini kabisa. Kina kisichofika milimita 25 ni kidogo, 25 hadi 50 ni cha kati, zaidi ya 50 ni kikubwa. Shimo lililojaa maji huonekana kwenye picha kama kidimbwi bapa, kwa hiyo lipimwe kwa kijiti, na picha iwe na rula kando yake. Picha zipigwe asubuhi au alasiri, jua likiwa chini, kwani kivuli ndicho kinachoonyesha mbonyeo na mifuo ya magurudumu. Saa sita mchana yote hayo hupotea machoni.

Upande wa barabara uandikwe kwa mkono. GPS ya simu hukosea mita 5 hivi hata penye anga wazi, na njia moja ya gari ina upana wa mita 3 na kitu. Nukta ya upande wa kushoto huangukia kulia bila taabu, na mafundi wakienda na ramani hiyo hulikosa eneo. Picha za bure za setilaiti nazo hazitasaidia hapa: zile za setilaiti za Sentinel-2 zina ubora wa mita 10, yaani nukta moja ya picha hufunika mita 10 kwa 10, kwa hiyo shimo la nusu mita halionekani humo.

Baada ya hapo data huingia QGIS, programu ya ramani isiyolipiwa, nukta huvutwa kwenye mstari wa barabara yake, na barabara hukatwa vipande vya mita 100. Kwa ulinganisho na barabara za kwingine, wahandisi hutumia IRI, kipimo cha kimataifa cha ukwaru wa barabara, kilichotokana na majaribio yaliyofanyika Brazili mwaka 1982 chini ya Benki ya Dunia. Husomwa kwa mita kwa kilomita. Lami mpya iliyotandikwa vizuri huwa karibu na 2 au pungufu, na barabara ya udongo iliyochakaa hupita 10. Mtikisiko wa simu haugeuki kuwa IRI mpaka gari lipitishwe kwanza kwenye kipande ambacho IRI yake inajulikana. Anayeruka hatua hiyo ana namba tu, hana kipimo. Kwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, tunapeleka aina ya uso na daraja la ulaini, ambalo lina ngazi 8. Shimo mojamoja hubaki kwenye ramani yetu wenyewe, maana huzibwa au hukua ndani ya wiki chache.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba upimaji huu urudiwe mara 2 kila mwaka, kabla ya mvua na baada yake, kwa gari lilelile na mwendo uleule. Rangi ya mara moja haisemi kama barabara inaharibika au imetulia. Tunaomba pia, na hili tunalisisitiza, tupewe kumbukumbu za matengenezo: kiraka kiliwekwa lini, wapi, kwa unene gani. Kiraka kinachorudi kuwa shimo mahali palepale mara nyingi kinaonyesha kwamba maji bado yako chini yake, na anayestahili kutumwa huko kwanza ni mzibua mtaro. Bila tarehe ya kiraka, jambo hilo halionekani kwenye ramani yoyote.

Mwisho, watembeaji wetu wanahitaji vizibao vya kuakisi mwanga na koni 6 kwa kila timu, kwa kuwa kupima kina cha shimo humlazimu mtu kupiga magoti barabarani akiwa ameyapa magari mgongo.

Tunaomba kuwasilisha.