Usisugue dinari yako kabla hatujaiona

Mteja akituletea dinari ya Kirumi, sarafu ya fedha ya kale, inayong'aa kama kijiko kipya, tunajua dawa ya meno imepita hapo. Na mara nyingi kilichosuguliwa ndicho hasa kilichoipa bei.

Chukua dinari ya tembo ya Julius Caesar, iliyotolewa kati ya mwaka 49 na 48 K.K., vita vyake na mpinzani wake Pompey vilipopamba moto. Upande mmoja tembo anakanyaga nyoka, na chini yake limeandikwa CAESAR. Wengi huishia hapo. Sisi huanzia upande wa pili, ambao hauna sura ya mtu wala herufi: kuna chombo cha kumiminia divai ya tambiko, kinyunyizio cha maji, shoka la kuchinjia kafara na kofia ya kuhani. Caesar alikuwa kuhani mkuu wa Roma tangu mwaka 63 K.K. Askari aliyelipwa kwa fedha hiyo aliambiwa, bila neno hata moja, miungu iko upande wa nani. Sasa angalia nywele za kile kinyunyizio: ni mistari myembamba mno, na ukisugua huondoka mapema.

Inayoulizwa kuliko zote ni "dinari ya Yesu", ile inayodhaniwa kuwa alioneshwa alipoulizwa kuhusu kodi ya Kaisari, yaani ya Kaisari Tiberius, aliyetawala mwaka 14 hadi 37 B.K. Maandishi ya mbele yanamwita mwana wa mungu Augusto, yaani Kaisari aliyemtangulia. Nyuma ameketi mwanamke mwenye tawi mkononi, ambaye wengi husema ni mama yake Livia, na pembeni pameandikwa PONTIF MAXIM, cheo kilekile cha kuhani mkuu. Lakini Injili haitaji ni toleo gani. Anayekuapia kwamba anayokuuzia ndiyo yenyewe, mkimbie.

Bandia zipo, nyingine za enzi hizohizo za Warumi: shaba iliyovishwa fedha. Dinari nzuri ya Tiberius huwa na gramu 3.7 hivi; ikipungua sana, au ukiona kijani kinachungulia ukingoni, tuambie.

Tutumie picha tatu, mbele, nyuma na ukingo, zilizopigwa karibu na dirisha bila flashi, pamoja na uzito wake. Maoni ya awali hatutozi. Cheti tunaandika tukiishika sarafu yenyewe, na utando wake mweusi wa umri tafadhali uje nao.