Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Saba kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma

Mheshimiwa Diwani, Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi leo. Awali risala hii ilikuwa na mambo mengi, kuanzia vyoo hadi uwanja wa netiboli. Tukakubaliana vyoo na uwanja atavisemea Mwalimu Mkuu. Sisi tuseme la Hisabati, maana Septemba, mwezi wa mtihani wetu wa kumaliza elimu ya msingi, iko mlangoni.

Wengi wetu tukiulizwa tunataka kwenda wapi, wavulana wanataja Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Tabora Wavulana. Wasichana wanataja Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Hizo ni shule za vipaji maalumu, zinazochukua waliofaulu vizuri zaidi, na nafasi zake ni chache kwa nchi nzima. Hisabati peke yake haimpeleki mtu huko: masomo ya mtihani ni 6, kila moja alama 50, jumla 300. Ila darasani kwetu Kiswahili hakimnyimi mtu usingizi. Alama zinamwagika kwenye Hisabati.

Karatasi ya Hisabati ina maswali 45. Kati yake 40 ni ya kuchagua herufi A hadi E na kusiliba kwa penseli. 5 ya mwisho unafanya kwa kalamu ya wino na kuonesha njia. Kwa sababu hiyo umezuka mtindo wa kufundishana kubahatisha: ukikwama, siliba C usonge mbele. Tumepiga hesabu wenyewe. Anayebahatisha yote 40, kila swali lina majibu matano, ategemee kupata kama 8 hivi. Nane kwa hamsini, Mheshimiwa, ni daraja E, la chini kabisa.

Halafu watunzi wa mtihani wanayajua makosa yetu kuliko tunavyoyajua sisi. Chukua swali la aina hii: shati limeuzwa shilingi 16,000 baada ya kupunguzwa bei kwa asilimia 20. Bei yake ya mwanzo ilikuwa shilingi ngapi? Wengi wetu tulitafuta asilimia 20 ya 16,000, tukapata 3,200, tukajumlisha, tukaandika 19,200. Na jibu hilo kwenye machaguo lilikuwepo, linatusubiri! Kumbe ile asilimia 20 ilikatwa kwenye bei ya mwanzo. Zile 16,000 ni asilimia 80 iliyobaki; basi asilimia 10 ni 2,000, na bei yote ni 20,000. Mwalimu wetu alimaliza kipindi kizima kwenye shati hilo moja. Aliwaita ubaoni waliopata 19,200 waeleze walivyofikiri, na hakuna aliyechekwa. Tangu hapo punguzo, faida na hasara hazitutishi. Hata MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha na toa, tumeiimba miaka yote, lakini 36 − 12 ÷ 3 × 2 iliendelea kutupa 16 badala ya 28 mpaka tulipoachwa tubishane wenyewe.

Vipindi vya namna hiyo ndivyo vinavyokosa nafasi. Kuna majaribio ya shule, ya kata na ya wilaya. Tunafanya, majina yanabandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kabla hatujajua swali la 27 tulilikosea wapi, karatasi nyingine imeshafika. Wazazi wetu nao, kwa nia njema kabisa, wanatulipia tuisheni ya jioni. Huko nako ni karatasi juu ya karatasi. Wapo wenzetu wanaosinzia kipindi cha kwanza asubuhi. Wazazi wetu, mtuwie radhi kwa kulisema hili mbele ya mgeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie kuzungumza na wanaopanga majaribio katika kata yetu, ili kila jaribio lifuatwe na siku ya kusahihisha pamoja na mwalimu, swali kwa swali, kabla halijaletwa jingine. Hata yakipungua kwa nusu, sisi hatutalalamika.

Tunaomba pia mikebe ya hesabu. Bikari na vipimapembe tunavipokezana, na kupima pembe hujifunzi kwa kumtazama jirani akipima. Kuhusu chakula cha mchana kwa tunaobaki kwa masomo ya ziada, wazazi wameshachanga mahindi na maharage. Bado mafuta, chumvi na posho ya mpishi.

Ombi la mwisho halina gharama kubwa. Ukimfahamu mtu aliyesoma mojawapo ya shule tulizozitaja, hasa mwanamke, mwombe aje siku moja tumuulize maswali. Wasichana wa darasa letu wameshayaandika, na ni mengi.

Baada ya risala hii utasikiliza ngonjera ya darasa la tano.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanafunzi wa darasa la saba.