Vifaa vya zamani vya upimaji visiuzwe kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonisikitisha nilipopita kwenye shule moja ya sekondari hapa Mtwara, ambako niliwahi kufundisha Fizikia. Ilikuwa siku ya kusafisha stoo, na juu ya mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, katikati ya miguu ya madawati yaliyovunjika, niliiona theodolaiti ya shaba (kifaa cha kupimia pembe) niliyokuwa nikiibeba mwenyewe hadi uwanjani. Mnyororo wa kupimia ulikuwa umekwisha kupata kazi nyingine: umetundikwa nyuma ya nyumba ya mlinzi, unaanikiwa nguo.

Sivipingi vifaa vya kisasa, kwani mpimaji anayetumia setilaiti humaliza upesi kazi iliyokuwa ikichukua siku nyingi. Hata hivyo, kwenye theodolaiti ya zamani mwanafunzi huona kila hatua ya kupima: huzungusha skrubu za chini ya kifaa mpaka kipovu cha pimamaji kitulie katikati, hulenga kwa darubini, kisha husoma duara la nyuzi kwa msaada wa skeli ndogo ya pembeni aliyoieleza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631. Akisimama mita 20 kutoka kwenye shina la mnazi, penye uwanja tambarare, akalenga kilele na kusoma nyuzi 45, urefu wa mnazi ni mita 20 pamoja na kimo cha kifaa, na somo la tanjenti limeingia bila ubao.

Mnyororo nao una hesabu yake. Ule wa Mwingereza Edmund Gunter, wa mwaka 1620, una pete 100 na urefu wa futi 66, hivyo shamba lenye upana wa mnyororo 1 na urefu wa minyororo 10 ni eka moja kamili. Katika mkoa huu ambao mikorosho huhesabiwa kwa eka na ugomvi wa mipaka hauishi, mtoto wa mkulima angefaidika sana kuuvuta walau mara moja.

Ninawaomba wakuu wa shule za Mtwara na Lindi, kabla ya kumwita mnunuzi, wawaite walimu wa Fizikia na Jiografia waikague stoo. Hata kifaa kibovu kinafaa kufunguliwa mezani, ila kisisuguliwe kwa msasa, maana mistari ya duara ikifutika hakuna kitakachosomeka.

Ile theodolaiti niliikomboa kwa bei ya kilo na kuirudisha maabara, ingawa lenzi moja haipo. Mlinzi amekubali kuurudisha mnyororo, akishapatiwa kamba.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara.