Ushuru wa kakao ukaushe kakao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu kakao yetu ya Kyela, wakati huu viongozi wanapohimiza nchi iuze nje bidhaa za aina nyingi badala ya kuegemea dhahabu na yale mazao ya siku zote: kahawa, pamba, chai, tumbaku, korosho. Sera ya Taifa ya Biashara ya mwaka 2003, Toleo la 2023, nayo inasisitiza kuongeza thamani. Naunga mkono. Lakini kakao yetu karibu yote inaondoka nchini ikiwa mbegu kavu kwenye magunia, na kuongeza zao ghafi jingine kwenye orodha hakumkingi mkulima na lolote.

Tumeyaona wenyewe. Desemba 2024 bei ya dunia ilivuka dola 12,000 kwa tani. Haikupanda kwa jasho letu. Kodivaa na Ghana, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, zilikumbwa na hali mbaya ya hewa, magonjwa na miti iliyozeeka. Huku watu wakaezeka nyumba, wakalipa ada, wakanunua pikipiki. Mwaka 2025 bei ikaporomoka hadi chini ya nusu ya kilele kile, na hapo pia hakuna aliyetuuliza.

Kilicho mikononi mwetu ni ubora. Kakao ikishapasuliwa, mbegu na ute wake mweupe huvundikwa kwenye sanduku la mbao na kufunikwa majani ya migomba kwa siku 5 hadi 7, zikigeuzwa katikati ili joto lienee. Ladha ya chokoleti huanzia hapo. Kisha huanikwa mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 7 hivi. Sasa njoo Kyela mwezi wa nne uone mvua zetu! Mama anayedaiwa ada anavundika siku mbili tu, anaanika kwenye turubai kando ya lami, na kabla ya saa sita mawingu ya ziwani yameshamfikia. Jirani yake anakaushia juu ya moto, mbegu zinanuka moshi. Mzigo wa namna hiyo ukichanganywa ghalani na wa mtu aliyesubiri siku zote sita, mnunuzi anayeupima anaushusha wote.

Dawa yake si ngeni wala si ghali: masanduku ya kuvundikia ya pamoja kwa kila kijiji, na vichanja vilivyoezekwa karatasi za nailoni angavu ili jua liingie na mvua ibaki nje. Fedha zipo. Halmashauri hutoza ushuru wa asilimia 3 kwenye mazao ya biashara, na kwa bei zile za 2024 asilimia hiyo haikuwa ndogo. Naelewa kwamba ushuru huo unasubiriwa na madarasa na zahanati. Hata hivyo zao linalolisha mfuko huo halistahili kuachwa lioze juani na mvuani.

Liko na jambo la ramani. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kakao, kahawa na mbao zinazoingia huko zisitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na shamba lenyewe lijulikane lilipo. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, na huo muda ni wa kutumia, kwetu na kwa wenzetu wa kahawa Mbozi na wa mbao Mufindi. Kwa shamba lisilozidi hekta 4 inatosha nukta moja kwenye ramani. Afisa ugani mwenye simu na pikipiki yenye mafuta anaimaliza kazi hiyo kijiji kwa kijiji. Mkulima peke yake hawezi, na asipokuwamo kwenye ramani atabaki kumuuzia dalali kwa bei ya dalali.

Kiwanda cha siagi na unga wa kakao nakitaka sana, tena hapa hapa Kyela. Ila mwekezaji ataanza kwa kuuliza kama atapata mbegu safi mwaka mzima, na kwa leo jibu letu ni bovu.

Ombi langu kwa madiwani wetu ni hili: kwenye bajeti ijayo watenge fungu la ushuru wa kakao kwa ajili ya vichanja, masanduku na upimaji wa mashamba, kisha watubandikie kwenye mbao za matangazo za kila kata kiasi kilichokusanywa na kiasi kilichorudi.

Mkulima wa kakao,
Kyela, Mbeya